Gari geni halipigwi mkwara

Wiki hii tuwaache wapenzi wagombane wenyewe, tuongee kazi. Nasema na wewe mshikaji uliyesota utingo miaka mitatu, leseni umeipata, na leo tajiri amekurushia ufunguo: "Chukua ile pale, kesho alfajiri uko njiani kwenda Tunduma." Umeula! Lakini ukigeuka kuitazama hiyo "ile pale", ni Freightliner ya Kimarekani yenye pua ndefu, na wewe umejifunzia Scania.

Hapo ndipo vijana wengi wanapoingia mkenge. Kuuliza wanaona ushamba. "Gari ni gari," wanasema, wanapanda, wanawasha, wanaondoka. Mimi nimekalia viti vya hayo madude miaka kadhaa kabla ya kushika kalamu, na ninakwambia hivi: gari geni usianze kujua linavyokwenda. Jua kwanza linavyosimama.

Anza na upepo, maana breki za semi ni za upepo. Washa injini, tulia, tazama mishale ipande. Scania yako ilikuwa inakuonyesha kama baa 8, na si zile za kunywea bia. Ya Mmarekani inasoma kwa paundi, mshale unafika 100 na zaidi. Usishtuke, ni kipimo tu kimebadilika. Ukishuka karibu na 60, taa itawaka na kelele italia. Hapo hakuna cha "twende tu", simama pembeni.

Halafu tafuta hendi breki. Magari ya Ulaya mengi yana kimkono kidogo karibu na dereva. Mmarekani ana vitufe viwili kwenye dashibodi: cha njano ni cha kichwa chenyewe, chekundu ndicho kinachopeleka upepo kwenye tela. Ukivuta umefunga, ukisukuma umefungua. Sasa fikiria mtu asiyejua anavipapasa vitufe hivyo gari likiwa kwenye mwendo. Noma!

Shuka chini na tochi. Hakikisha pini ya tela imeng'atwa sawasawa na ile sahani ya grisi, na mipira ya upepo na waya wa taa vimekaa mahali pake. Panda tena, acha tela imefungwa breki, kisha kwa gia ndogo kabisa jaribu kuivuta kidogo. Ikigoma kuachana na kichwa, mko pamoja. Halafu tembea pole pole humo humo yadi, kanyaga breki, usikie inavyoshika. Bora kujua ubaya wake hapo kuliko kuujulia Mikumi.

Sasa kaa vizuri kitini, rekebisha vioo. Magari mengi ya Kimarekani usukani uko kushoto, na sisi barabara yetu tunapita kushoto. Maana yake umekaa upande wa majani, na gari linalokuja mbele hulioni mpaka pua yako imeshachungulia upande wa wenzako. Kwa hiyo ubingwa wa kuovateki uache nyumbani. Kama barabara haijanyooka na huioni yote, kaa nyuma ya hilo lori hata kama linatambaa. Na kumbuka, chini ya pua ile ndefu mtoto anaweza kusimama usimwone.

Gia nazo ni somo. Mmarekani wa gia za mkono hukutana na gia zisizojilainisha zenyewe: unasikiliza mlio wa injini, unakanyaga klachi mara mbili, la sivyo zinasaga mpaka kijiwe kizima kinageuka kukutazama. Ukipewa Volvo ya I-Shift, inabadili yenyewe, lakini lazima ujue namna ya kuizuia ibaki kwenye gia unayotaka.

Kwa nini? Kwa sababu ya Kitonga. Kwenda Iringa unapanda. Siku ya kurudi na shaba ya Zambia, unateremka, na semi iliyojaa Afrika Mashariki inaruhusiwa kufika hadi tani 56. Mzigo huo ukiuzuia kwa mguu tu, breki zinapata moto na zinaacha kushika. Kwa hiyo swichi ya breki ya injini uijue ilipo kabla hujatoka Dar, na gia ndogo uichague juu, kabla mteremko haujaanza. Ukiwa katikati umeshachelewa. Ila barabara ikiwa na utelezi na tela tupu, hiyo breki ya injini iwe kwa uangalifu, inaweza kukuyumbisha.

Jambo dogo la mwisho: gari jipya jipya huwa na tangi la ziada lenye kifuniko cha buluu. Hiyo si dizeli, bwana. Ukichanganya, bili utaletewa wewe.

Sasa utamwambiaje tajiri? Mwambie wazi: "Tajiri, naomba nusu saa nilizoee gari." Mwenye akili atafurahi, maana gari ni lake na hasara ni yake. Anayekufokea kwa nusu saa, mshikaji, siku ya ajali atakukana mchana kweupe. Kisha mtafute dereva aliyeliacha, mnunulie chai, muulize kwa heshima: "Kaka, hili gari ugonjwa wake ni nini?" Hakuna gari lisilo na ugonjwa, na yeye anaujua kuliko fundi.

Kijiweni watakucheka? Wacheke. Mama yako na yule mwenye mimba yako wanasubiri urudi, hawasubiri sifa. Ufunguo unapewa kwa sekunde moja, lakini gari linataka nusu saa. Lipe.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.