Kimya si kukubali



Sote tunakumbuka RAM. Kuanzia Septemba 2020, uniti zilikatwa kwenye simu za Wakongomani ili kulipia uandikishaji wa simu ambao hatukuuomba. Mama aliyenunua uniti ili aulize bei ya mchele kule Kalima alizikuta zimepungua kabla ya kupiga. Raia walilalamika, wabunge wakauliza, na mwaka 2022 RAM ikafutwa.

Hiyo ilikuwa ya serikali. Makampuni nayo yana njia yao: programu, muziki au mchezo wa mtoto unaanza bure, halafu baada ya siku chache uniti zinakatwa. Ukiuliza, wanasema ulikubali. Si huku kwetu tu: mwaka 2025, huko Marekani, kampuni ya Amazon ilikubali kulipa dola bilioni 2.5, baada ya kushitakiwa kwamba iliingiza watu katika huduma ya kulipia bila idhini yao ya wazi.

Sisi walimu tunajua: mtoto akinyamaza darasani, si kusema ameelewa. Mnunuzi naye ni vile vile.

Basi kabla ya kubonyeza, tuulize: ni bure mpaka lini? Kisha ni bei gani? Inasimamishwa namna gani? Jibu lisipoonekana, tuache. Uniti zikikatwa, tusifute ujumbe. Tuandike tarehe na kiasi, tukalalamike kwa kampuni tukiwa kikundi.

Mkutano ujao kila mama alete simu yake, tuzitazame pamoja.