Kliniki ya Kwanza Haisubiri Tumbo Kuonekana

Mwaka jana nilipanga chumba Kaloleni na mwanachuo mwenzangu. Jina lake nalihifadhi, ila ameniruhusu niandike. Juni yote alivaa sweta kubwa na mimi sikushtuka, si mnajua baridi ya Arusha mwezi wa sita. Kumbe sweta lilificha mimba ya miezi sita.

Alikwenda kliniki mara ya kwanza baada ya kuumwa kichwa siku tatu na miguu kuvimba. Presha ilisoma 160 kwa 110. Akalazwa siku hiyo hiyo. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, mdogo mno, akaishi siku mbili.

Darasani tukaambiana, "Ni stresi za mitihani hizo." Tulikosea. Presha ya aina hii, ile inayoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba, mara nyingi mzizi wake uko kwenye kondo la nyuma, na kondo hujijenga mapema. Katika wiki 20 za kwanza, chembe zake huingia kwenye mishipa midogo ya damu ya mfuko wa uzazi na kuipanua, ili damu imfikie mtoto kwa wingi. Kazi hiyo isipokamilika, mtoto hupata damu kidogo na kudumaa tumboni, na kondo lenyewe humwaga kwenye damu ya mama vitu vinavyodhuru mishipa yake. Wakati hayo yanatokea mama hasikii chochote. Dalili zinakuja miezi baadaye.

Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 unataka mahudhurio 8 ya kliniki, la kwanza kabla wiki 12 hazijaisha. Mwenye hatari kubwa, kama mwenye presha ya siku zote, kisukari, ugonjwa wa figo au mimba ya mapacha, anaweza kuanzishiwa na daktari aspirini ya dozi ndogo, miligramu 75 kwa siku, kabla ya wiki ya 20. Siyo ya kujinunulia duka la dawa. Sisemi mwenzangu angewahi mtoto angepona. Hilo hakuna anayelijua. Nasema presha yake ingeonekana kabla haijafika 160.

Sasa kwa nini alificha? Kwa sababu tulifundishwa kuficha. Wengi wetu tuliosoma sekondari kabla ya Novemba 2021 tulipimwa mimba shuleni, na aliyekutwa nayo alifukuzwa. Serikali ilibadili utaratibu mwezi huo, lakini woga tumekuja nao chuoni. Mwenzangu aliogopa maneno, aliogopa kudisko, na aliogopa kuulizwa "baba yuko wapi?" Alishasikia kuna kliniki ukienda bila mwenza unarudishwa ukachukue barua kwa mwenyekiti wa mtaa. Nani aanze kumweleza mwenyekiti mambo yake?

Wapo watakaosema tukiwasaidia wajawazito tunahamasisha mimba chuoni. Jamani, sweta halikuzuia mimba. Lilizuia kipimo cha presha tu.

Naiomba serikali yetu ya wanafunzi isimamie mambo mawili. Kwanza, zahanati ya chuo impime mwanachuo mimba na presha kwa siri, kisha impe rufaa ya kwenda kliniki bila kudaiwa mwenza wala barua. Pili, utaratibu wa kuahirisha mtihani kwa sababu ya ujauzito ubandikwe kwenye ubao wa matangazo, mtu asiutafute kwa kunong'ona.

Na wewe dada unayesoma hapa huku umepitiliza siku zako wiki ya tatu sasa, usisubiri ionekane. Nenda kesho. Ukikosa wa kukusindikiza, niambie mimi, tutakwenda wote.