Vitshumbi: Kufuata sukari kwa simu, inawezekana?

Vitshumbi, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa Edouard, ndani ya Hifadhi ya Virunga, iko zaidi ya kilomita 100 kaskazini mwa Goma. M23 waliingia huko Machi 2024, na Goma ikafuata mwisho wa Januari 2025. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa sukari, njia ya Rwindi na Rutshuru siyo safari ya kuanza ovyo. Ndiyo maana swali linarudi: dokta anaweza kufuata mugonjwa akiwa nyumbani kwake?

Ulaya na Marekani wanafanya hivyo. Sensa ndogo inabandikwa kwenye mkono, inapima kila dakika chache, na simu inatuma namba hospitalini. Lakini sensa inaisha nguvu baada ya wiki mbili hivi, kisha inunuliwe ingine. Inaomba pia simu kubwa, mega, rezo na umeme. Kwa familia inayoishi kwa samaki wa leo, hapo hesabu inakataa.

Ila tuangalie kazi yenyewe. Ina hatua ine: kupima, kutuma namba, kuamua, na kuwa na dawa. Kupima kunawezekana kwa mashini ndogo ya tone la damu na daftari. Kutuma, hata simu ndogo ya kubonyeza inatosha: mara moja kwa wiki muuguzi anapiga, mugonjwa anasoma namba zake.

Hatua ya tatu ndiyo yenye faida kubwa. Mvuvi anayetumia insulini akitoka na mtumbwi jioni bila kula, sukari inaweza kushuka usiku katikati ya ziwa. Muuguzi anayemujua atauliza: unaenda ziwani leo? Umekula nini? Sindano ulipiga saa ngapi? Sensa haiulizi hayo.

Kuhusu joto, kuna habari njema. Wengi wanaogopa kuweka insulini nyumbani bila frigo. Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichunguza jambo hilo kwa kufuata joto la nyumba za kambi ya Dagahaley, huko Dadaab, Kenya. Matokeo yalitoka Februari 2021: kati ya digrii 25 na 37, insulini walizopima zilikaa wiki ine bila kupoteza nguvu zaidi ya zile za kwenye baridi. Chungu cha udongo chenye maji kinasaidia kupunguza joto. Jua kali, hapana.

Pa kukwama ni hatua ya ine. Bandeleti za kupimia zikiisha, hakuna namba ya kutuma. Insulini ikikosekana, namba inabaki habari mbaya tu. Na rezo ikikatika, mugonjwa na jamaa yake lazima wajue mambo mawili kwa kichwa. Chini ya 70: kunywa maji yenye sukari mara moja, kupima tena baada ya dakika 15. Zaidi ya 250 pamoja na kutapika au kuhema kwa nguvu: hospitali, bila kungoja simu ya mutu.

Mwaka 2022 nchi za Afrika ndani ya OMS zilikubali mpango wa PEN-Plus, wa kupeleka matunzo ya magonjwa kama sukari ya watoto kwenye hospitali za wilaya, wagonjwa wasilazimike kufika miji mikubwa. Kwa Vitshumbi, maana yake ni muuguzi mumoja aliyefundishwa, uniti za simu zinazolipwa, na akiba ya insulini na bandeleti ya miezi kadhaa, kwa sababu njia inaweza kufungwa siku yoyote. Mradi wowote utakaoleta simu peke yake, wakaaji wana haki ya kuuliza: na dawa iko wapi?