Della na Jim: ni wajinga?



Wengi kati yetu wanacheka hadisi ya O. Henry, yule mwandishi wa Marekani, iliyotoka katika gazeti moja la New York mwaka 1905: "Zawadi ya Mamajusi". Wanasema: "Wale wawili ni wajinga tu! Sababu gani hawakuulizana kwanza?" Mimi sikubali.

Tuangalie vizuri. Kesho ni Noeli, na Della ana dola 1 na senti 87 tu, feza aliyoichunga kidogo kidogo kwa kubishana bei na wachuuzi. Mume wake Jim ana miaka 22. Mushahara wake umeshuka toka dola 30 mpaka 20 kwa juma. Vitu vyao vya kujivunia ni viwili tu: nywele ndefu za Della, na saa ya zahabu ambayo Jim aliachiwa na baba na babu yake. Della anauzisha nywele kwa dola 20, ananunua munyororo wa saa. Kumbe Jim naye ameuzisha saa, ili anunue vichanuo vya nywele zile!

Mwandishi anatuonyesha tabia yao kwa matendo. Della anahesabu senti mara tatu, analia, kisha anavaa koti na kushuka mbio. Jim anatazama saa yake kwa kujificha, maana kamba yake ni ya ngozi ya zamani. Na kisha kujua yote, hakasiriki: anajilaza, anatabasamu, anaomba nyama ipikwe.

Wengine wanasema Jim alipoteza zaidi, kwa kuwa nywele zinaota tena, saa hairudi. Ni kweli. Lakini Della hakujua kama mume atamuona bado muzuri. Alimuomba Mungu kimya. Woga ule nao ni bei.

Kama wangeulizana, kila mumoja angemukataza mwenzake. Wasingepata hasara, lakini pia wasingejua mwenzao anaweza kutoa nini kwa ajili yao. Sisi hapa masomoni tunatoa kalamu leo ili kesho tupewe sabuni. Biashara si zambi, lakini tusiiite zawadi.

Basi, mbele ya kumucheka Della, kila mutu ajiulize: kitu gani nilichokipenda nilikitoa bila kungojea malipo? Anayepinga, aandike katika namba inayofuata.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano