Amani ya Krismasi Katika Usiku Mrefu wa Ufini

Askari wa lindo ndiye ajuaye urefu wa usiku kuliko mtu mwingine. Hata hivyo, askari anayelinda karibu na Ikweta ana faraja moja: usiku wake hauzidi saa kumi na mbili kwa kadiri, uwe mwezi wa Juni au mwezi wa Desemba. Jua humwaga jioni kwa wakati anaoujua, na asubuhi humrudia kwa wakati anaoujua. Ziko nchi ambazo ahadi hiyo ya jua haipo, na mojawapo ni Ufini, iliyoko kaskazini kabisa ya Ulaya, yenye watu wapatao milioni tano na nusu.

Mjini Helsinki, mji mkuu wa nchi hiyo, siku fupi kuliko zote huangukia tarehe 21 au 22 Desemba. Siku hiyo jua huchomoza yapata saa tatu na dakika ishirini na nne asubuhi, na inapofika saa tisa na robo alasiri limekwisha kuzama. Mchana wote haufiki saa sita. Mtoto huenda shule gizani na kurudi gizani. Huko Utsjoki, wilaya ya mwisho upande wa kaskazini, hali ni ngumu zaidi: tangu mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari jua halionekani kabisa. Saa za adhuhuri huja mwanga hafifu wa buluu, kama ule wa alfajiri, kisha giza hurejea. Wenyeji wamelipa jina giza hilo, huliita kaamos. Sababu yake ni kwamba dunia imeinama kidogo inapolizunguka jua, na katika miezi hiyo upande wake wa kaskazini huwa umelipa jua kisogo.

Pamoja na giza huja baridi. Kusini, karibu na bahari, maji huganda na kuyeyuka mara kwa mara, bali kaskazini nyuzi thelathini chini ya sifuri si ajabu. Tarehe 28 Januari 1999, katika kijiji cha Pokka wilayani Kittilä, kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 51.5 chini ya sifuri, na hiyo ndiyo baridi kali kuliko zote zilizopata kuandikwa nchini humo. Katika baridi ya namna hiyo pumzi ya mtu huganda kwenye nyusi, na mkono mtupu ukishika chuma huweza kunata na kuchubuka ngozi.

Je, watu wa huko huishije? Jibu lake ni fupi: hujiandaa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika nchi ya theluji ufa wa dirisha ni adui wa nyumba nzima. Nyumba nyingi zina madirisha ya vioo vitatu, na kuta zake hujazwa vitu vya kuzuia joto lisitoke. Mijini, maji ya moto hupitishwa katika mabomba chini ya ardhi kutoka mitambo mikubwa na kugawiwa nyumba hadi nyumba. Vijijini kuni hupasuliwa mapema na kupangwa zikauke, kwa kuwa kuni mbichi zina moshi mwingi na joto kidogo, jambo ambalo mama yeyote wa nyumbani hahitaji kufundishwa. Mlangoni viatu huvuliwa, maana theluji iliyoingia na viatu hugeuka maji sakafuni.

Mambo madogo ya kila siku nayo yana utaratibu wake. Mtoto mchanga hufungwa vizuri kwa nguo za sufu, akawekwa ndani ya kigari chake, na kulazwa nje apate usingizi wa mchana, hata theluji ikiwa imetanda. Wazazi husema hulala fofofo kuliko ndani. Maziwa ya dukani huongezwa vitamini D, kwa sababu ngozi ya mtu haiwezi kuipata ya kutosha kwa jua lisiloonekana. Mwenye gari hulazimika kisheria kuvalisha magurudumu yake mipira ya theluji kati ya Novemba na Machi, hali ya hewa au ya barabara inapodai hivyo, na usiku wa baridi kali huunganisha injini na waya wa umeme ili ipate joto kabla ya kuwashwa asubuhi. Baharini meli za kuvunja barafu hufungua njia, maana pasipo hizo bandari zingefungwa na nchi ingekosa bidhaa.

Kuna pia kitu kidogo kisichozidi kiganja cha mkono, ambacho askari wa usalama barabarani angependa kukiona kila mahali. Ni kipande cha plastiki kinachoakisi mwanga, hufungwa kwa uzi kikaning'inia kwenye koti. Mtu asiye nacho huonekana na dereva akiwa karibu mno. Mwenye nacho huonekana akiwa mbali mara kadhaa. Katika miaka ya 1960 mkulima mmoja Mfini alianza kuvitengeneza vipande hivyo kwa ajili ya mikokoteni yake ya farasi, kisha vikahamia kwenye nguo za watoto wa shule, na sasa sheria humtaka kila atembeaye barabarani gizani avae kimoja. Ni kitu cha bei ndogo, bali kimewarudisha nyumbani watu wengi.

Vijana wa kiume wa Ufini huitwa jeshini kwa mujibu wa sheria, nao hutumika kwa siku 165, 255 au 347 kulingana na kazi wanayopewa. Wasichana hujiunga kwa hiari. Kuruta hufundishwa kulala porini wakati wa baridi katika hema kubwa lenye jiko la kuni katikati. Usiku wote mmoja wao hukesha karibu na jiko, akilitia kuni na kuangalia cheche, huku wenzake wamelala. Zamu hiyo haina fahari yoyote; lakini akisinzia, moto huzimika na wenzake wakaamka wakitetemeka, au cheche huruka na hema likaungua. Hufundishwa pia kuvaa nguo nyembamba nyingi, moja juu ya nyingine, badala ya nguo moja nzito, kwani hewa iliyobanwa katikati ya nguo ndiyo itunzayo joto. Na kubadili soksi zilizolowa kabla ya kulala, hata kama uchovu umezidi. Siku ya Alhamisi mesi hutoa supu ya njegere kavu na chapati za maji, na mzee aliyetoka jeshini miaka hamsini iliyopita bado hutaka chakula hicho hicho nyumbani kwake siku hiyo.

Mafunzo hayo hayakuanzia darasani. Tarehe 30 Novemba 1939 majeshi ya Urusi ya Kisovieti yalivuka mpaka, na vita vilivyofuata, viitwavyo Vita vya Majira ya Baridi, vilidumu siku 105, hadi tarehe 13 Machi 1940. Wafini walipigana wakiwa juu ya skii, wamevaa kanzu nyeupe zilizowaficha katika theluji, ambazo nyingi zilishonwa na akina mama. Askari wao zaidi ya 25,000 walipoteza maisha. Ikawekwa desturi ambayo majeshi mengi ya wakati ule hayakuwa nayo: aliyeuawa, kila ilipowezekana, alirudishwa kijijini kwao na kuzikwa pamoja na wenzake katika uwanja wa kanisa lake. Kwa hiyo hata leo karibu kila kijiji kina safu zake za mawe, na kila jiwe lina jina linalojulikana.

Desturi za sikukuu haziwezi kueleweka pasipo kuyakumbuka hayo. Tarehe 6 Desemba ni siku ya uhuru, uliotangazwa mwaka 1917. Jioni ya siku hiyo watu huweka mishumaa miwili dirishani, na barabara nzima hung'aa kwa vimwali vidogo viwili viwili. Baada ya hapo nyumba hugeukia Krismasi. Sakafu husuguliwa, mikate huokwa, na paja la nguruwe huwekwa tayari kuokwa polepole usiku kucha. Vyakula vya pembeni ni viazi, karoti na mizizi ya jamii ya tanipu, ambavyo hupondwa na kuokwa katika mabakuli. Hupikwa pia uji wa mchele kwa maziwa, na ndani yake hufichwa lozi moja tu. Atakayeikuta katika bakuli lake huambiwa kuwa mwaka ujao una bahati yake. Na nje, juu ya mti au nguzo, hufungwa mganda wa oti ambao haukupurwa, uwe chakula cha ndege wasio na mahali pa kudonoa.

Saa sita kamili ya mchana, tarehe 24 Desemba, nchi husimama. Katika mji wa Turku, uliokuwa mji mkuu zamani, watu hukusanyika katika uwanja mkongwe. Saa ya kanisa kuu ikishagonga mara kumi na mbili, ofisa wa mji husimama kwenye roshani ya jumba la Brinkkala, akakunjua karatasi ya ngozi, na kutangaza Amani ya Krismasi. Maneno yake ni machache: huwataka watu wote waiadhimishe sikukuu kwa ibada na utulivu, na kuonya kwamba atakayeivunja kwa kosa au mwenendo mbaya atakuwa ameongeza uzito wa hatia yake. Kisha bendi ya jeshi la majini hupiga muziki. Desturi hiyo imetoka karne ya kumi na nne. Moto mkubwa ulipoiteketeza Turku mwaka 1827 maandishi ya zamani yalipotea, lakini tangazo halikufa. Na tangu mwaka 1935 limekuwa likisikika redioni nchi nzima. Mwaka 1939 halikusomwa, kwa kuhofia mashambulizi ya ndege. Ukimya wa mwaka ule uliwafundisha watu thamani ya maneno yale.

Baada ya tangazo maduka hufungwa na mabasi hupungua barabarani. Jamaa huingia sauna, chumba cha mbao chenye mawe ya moto yanayomwagiwa maji yatoe mvuke. Inakisiwa kuwa nchi ina sauna milioni tatu, karibu moja kwa kila watu wawili. Humo hakuna cheo. Jenerali na koplo hutoka jasho sawasawa, na si adabu kugombana.

Kisha, kabla au baada ya chakula cha jioni, huja jambo kubwa kuliko yote. Watu huvaa makoti yao, wakachukua mishumaa, wakaenda makaburini. Kila jamaa huwasha mshumaa kwa wazee wake, na asiye na kaburi lake karibu huwasha mahali palipotengwa kwa ajili ya walio mbali. Katika safu za askari, kila jiwe huwa na mwali wake. Theluji hushika mwanga huo na kuurudisha, hata uwanja wote uliokuwa giza ukawa mweupe. Hakuna hotuba. Mjukuu ambaye hakupata kumwona babu yake huinama, akafuta theluji kwenye jina, akawasha kiberiti. Kisha hurudi nyumbani kula.

Usiku huo si wote walio mezani. Polisi yuko zamu, muuguzi yuko wodini, mlinzi wa mpaka yuko msituni kaskazini, na kuruta yuko langoni mwa kambi. Tangazo la Turku huzungumza juu ya amani, bali walinzi wake ni hao walioukosa uji wenye lozi. Familia za askari popote duniani zalijua jambo hili, iwe huko kwenye theluji au katika kambi iliyo chini ya miti ya miembe: sahani moja hufunikwa ikawekwa kando, na watoto huambiwa kwamba baba, au mama, atakuja kesho. Sahani hiyo iliyofunikwa nayo ni sehemu ya sikukuu.

Mwaka mpya ukifika, watu wa Ufini huwa na mchezo wa kuyeyusha bati na kulimwaga katika maji baridi ili kubashiri mambo yajayo kwa umbo litakalotokea. Tangu mwaka 2018 bati lililochanganywa na risasi halikubaliwi kuuzwa kwa mchezo huo kwa sababu ya sumu yake, hivyo wengine sasa hutumia nta ya nyuki. Tarehe 13 Januari sikukuu huhesabiwa kuwa imekwisha, na mti wa Krismasi hutolewa nje.

Na kwa siku zizo hizo, huko Utsjoki, jua hutokeza tena kwa dakika chache tu juu ya upeo wa macho. Baridi haijapungua, pengine ile kali zaidi bado iko njiani. Hata hivyo watu hutoka nje kulitazama. Nyumba iliyoziba nyufa zake mapema, ikapanga kuni zake, ikawakumbuka marehemu wake na kumwekea sahani aliye lindoni, imeufikia mwisho wa usiku ikiwa na moto bado jikoni.