Picha Hazilipi Kodi ya Gati

Februari 19, 2025 meli SS United States ilivutwa kutoka gati la Philadelphia, Marekani, ilikolala tangu mwaka 1996. Haikuwa ikipelekwa kutengenezwa. Wilaya ya Okaloosa, jimbo la Florida, iliamua mwaka 2024 kuinunua ili isafishwe, kisha izamishwe baharini iwe maskani ya samaki na kivutio cha wapiga mbizi. Sisi watu wa visiwani, ambao riziki yetu imepita juu ya maji tangu enzi za mababu, hatuwezi kuipokea habari hiyo kana kwamba haituhusu.

Meli hiyo haikuwa chombo cha kawaida. Katika safari yake ya kwanza, Julai 1952, ilivuka Bahari ya Atlantiki kuelekea Uingereza kwa siku 3, saa 10 na dakika 40, ikavunja rekodi ya Queen Mary. Lakini ndege ziliwachukua abiria wake, na mwaka 1969 ikaondolewa kazini. Mwaka 1984 samani na vyombo vyake viliuzwa kwa mnada. Likabaki gamba.

Wapenzi wake hawakukaa kimya. Chama cha kuihifadhi kiliinunua mwaka 2011 kwa msaada wa mfadhili mkubwa, na kikaendelea kuwaomba wananchi michango. Wachoraji wa mambo ya bahari nao waliingia katika jitihada za aina hiyo: waliichora meli ikipasua mawimbi, dohani zake mbili nyekundu zikiwaka juani, na mauzo ya picha yakasaidia mfuko wa hifadhi. Twawapongeza kwa dhati. Mchoraji humwonyesha mtoto aliyezaliwa jana fahari ambayo babu yake aliiona kwa macho.

Hata hivyo, ni lazima tuseme kweli. Picha huuzwa mara moja. Kutu hula usiku na mchana. Mwaka 2015 chama hicho kilieleza kwamba kuitunza meli hiyo kulikula dola 60,000 kila mwezi. Baadaye mwenye gati akaongeza kodi maradufu, shauri likafika mahakamani, na mwaka 2024 hakimu akaamuru meli iondoke. Mapenzi yalikuwapo, yaliyokosekana ni mahali pa kudumu na fedha za kila mwaka. Sanaa iliwasha moto, lakini hapakuwa na kuni.

Hapa kwetu somo hilo tumekwisha kulipata kwa uchungu. Mtepe, jahazi lililoshonwa kwa kamba, ulitoweka baharini katika karne iliyopita. Mwaka 2003 ulijengwa mfano wake, ukawekwa katika jumba la Beit al-Ajaib, Unguja. Desemba 25, 2020 sehemu ya jumba hilo, lililojengwa mwaka 1883, ilianguka na watu wawili wakapoteza maisha. Nyumba iliyopewa dhamana ya kutunza kumbukumbu haikuwa imetunzwa yenyewe ipasavyo.

Wachoraji wetu hawana uhaba wa bidii. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, majahazi ya rangi hutundikwa ukutani kila asubuhi, na wageni huyanunua. Tunaona ni busara sehemu ya mapato hayo, kwa hiari na kwa hesabu za wazi, ielekezwe kwenye hifadhi ya vyombo halisi na mafundi wanaojua kuviunda. Lakini mchango wa msanii usigeuzwe kisingizio cha wakubwa kukunja mikono. Serikali haina budi kutenga fungu la kila mwaka, kutaja mahali, na kumtaja mtu wa kuulizwa.

Mchoro ni ukumbusho wa chombo, wala si badala yake. Tusingoje hadi jahazi la mwisho libaki ukutani, ndipo tuanze kuulizana nani alikuwa nahodha.