Kiwanja Kwanza, Visahani Baadaye

Ndugu zangu wa Mafinga,

Sisi wa Tampere, baridi ya Finland tumeizoea kadiri inavyozoeleka. Mmeniuliza kuhusu zile picha za watu wanaorusha visahani msituni: ni mchezo gani, na je, una hela?

Ni gofu, ila fimbo na mpira havimo. Unarusha kisahani cha plastiki, unakifuata kilikoangukia, unarusha tena, mpaka kiingie kapuni. Kapu limeshikwa na nguzo ya chuma, na juu yake inaning'inia minyororo iliyolegea. Kisahani kikija kwa kasi, minyororo inakipunguza mwendo, kinadondokea ndani. Kapu hilo alilibuni Mmarekani Ed Headrick, yuleyule aliyeanzisha kiwanja cha kwanza cha kudumu huko Oak Grove, California, mwaka 1975. Alipofariki mwaka 2002, majivu yake yalichanganywa kwenye plastiki ya visahani, kama alivyotaka mwenyewe. Wazungu wana mambo.

Hela zipo. Mwaka 2021 mchezaji Paul McBeth alisaini mkataba wa miaka 10 na kampuni ya visahani ya Discraft kwa dola milioni 10. Kwa wanawake, Kristin Tattar wa Estonia alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 2022 na 2023, kisha 2024 ukaenda kwa Eveliina Salonen wa hapa Finland. Mwaka 2025 mashindano hayo ya dunia yakaja Ulaya kwa mara ya kwanza, yakachezwa hapa Tampere na mji jirani wa Nokia. Vijana, najua mmeshaanza kupiga hesabu. Lakini wanaoishi kwa kurusha visahani ni wachache mno, na si wao walioufikisha mchezo hapa ulipo.

Walioufikisha ni halmashauri za miji. Nchi hii ina watu wapatao milioni 5.6 na viwanja zaidi ya 700, vingi vya bure. Hakuna geti, hakuna ada ya uanachama. Jioni utamkuta bibi na mjukuu wake, nyuma yao fundi bomba ambaye hata ovaroli hajavua. Theluji ikianguka hawaachi: wanabandika utepe mrefu chini ya kisahani, kikizama mkia unabaki nje. Giza likiingia saa tisa alasiri, wanakifunga kitaa kidogo na kuendelea. Wakati wa Korona, kumbi za michezo zilipofungwa, watu walimiminika msituni, na wengi hawakurudi tena ndani.

Umati huo una gharama zake. Mizizi imekanyagwa hadi iko nje, magome yamechubuka, na wapita njia wamekoswakoswa na visahani. Viwanja vya kulipia navyo vinaongezeka, unahifadhi nafasi kwa simu kabla ya kwenda. Wapo wanaosema huko ndiko kukua. Anayefagia njia alipwe, hilo sina ugomvi nalo. Ila vyote vikienda huko, mchezo huu utaishia pale ilipo gofu ya klabu ya Gymkhana, ambako mtoto wa kwetu huingia akiwa amebeba begi la mwenzake.

Ndiyo maana nawaandikia sasa, kabla hamjaona kisahani hata kimoja. Huko nyumbani tuna misindano ya msitu wa Sao Hill, imenyooka kuliko hii ya huku, na watu wa misitu wanaweza kuombwa kipande kidogo pembeni. Shule nazo bado zina maeneo, ingawa kila mwaka yanamegwa na kuuzwa viwanja vya nyumba. Madiwani wakitaka kuwafanyia vijana jambo, watenge eneo moja na kuliandikisha kuwa la umma. Visahani nitawatafutia mimi. Kapu ataliunda fundi yeyote anayechomelea mageti pale stendi: bomba, nondo na minyororo, basi.

Jambo moja msilipuuze mkishapata eneo. Kabla ya kuchimba shimo la nguzo, ulizeni akina mama wanaotoka kuokota kuni hupita wapi, maana mtu mwenye mzigo kichwani hawezi kuinama haraka. Njia ya kurusha isikatize ya kwao. Wakisema wanapita katikati, hamisheni kapu.

Ndugu yenu wa Tampere